Yungiyungi la Mvua: Kulipanda na Kulitunza katika Bustani za Arusha na Moshi

Katika maswali ya bustani za nyumbani yanayofikishwa kwetu na wakazi wa Arusha na Moshi, swali moja hurudi kila mwaka kiangazi kinapokaribia kwisha: mtu alinunua ua dogo lenye tunguu, likachanua vizuri msimu wa kwanza, kisha likabaki majani matupu, au majani nayo yakakauka na mwenye nyumba akaling'oa akidhani limekufa. Ua linalozungumziwa huwa mara nyingi ni yungiyungi la mvua. Tunapoletewa mmea wenyewe tukauchunguza, kwa kawaida hatuoni ugonjwa wowote. Tatizo huwa ni kwamba mmea umemwagiliwa maji kila siku mwaka mzima, au umetupwa ukiwa umelala tu ukingoja mvua.

Mayungiyungi ya mvua ni ya jenasi (yaani kundi la aina za karibu) ya Zephyranthes, katika familia ya Amaryllidaceae, ambayo ndiyo familia ya kitunguu maji na kitunguu saumu. Asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani na Meksiko hadi Ajentina, ingawa familia hiyo ina wawakilishi wa kwetu pia, kama vile Scadoxus multiflorus, lile ua la mwituni lenye kichwa cha mviringo chekundu ambalo hujitokeza ghafla vichakani mvua za kwanza zinapoanguka. Yungiyungi la mvua ni dogo kuliko hilo. Tunguu lake lina upana wa sentimita mbili hadi tatu, limefunikwa na ganda jembamba la kahawia, majani yake ni membamba, na kila kikonyo, ambacho ni kitupu ndani, hubeba ua moja tu kwenye kimo cha sentimita 15 hadi 30. Ua hilo hudumu siku moja au mbili. Uzuri wa mmea huu, kwa hiyo, hautokani na ua moja bali na kundi la matunguu yanayochanua kwa pamoja.

Aina zinazopandwa sana bustanini ni nne. Zephyranthes candida ni nyeupe, yenye majani ya mviringo yaliyonyooka ambayo hubaki kijani karibu mwaka wote. Zephyranthes carinata ina maua makubwa ya waridi, na Zephyranthes rosea ina maua madogo ya waridi iliyokolea. Zephyranthes citrina ni ya manjano. Hizo mbili za waridi huchanganywa mno katika vitalu, na lebo haziaminiki, kwa hiyo mnunuzi anayetaka kujua anachonunua ni afadhali angoje ua lichanue apime kwa macho: ua la carinata likifunguka huweza kufikia upana wa sentimita sita au saba, ilhali la rosea ni kama nusu ya hapo.

Ili kuelewa namna ya kumwagilia, inafaa kuelewa kwanza kinachotokea ndani ya tunguu. Mmea unapokuwa na majani yenye afya na jua la kutosha, hutengeneza chakula na kukihifadhi katika magamba ya tunguu, na katikati ya magamba hayo machipukizi ya maua huundwa mapema, yakiwa madogo sana, yakakaa hapo. Udongo unapokauka kwa wiki kadhaa na kisha ukaloa vizuri kwa mara moja, vikonyo hurefuka haraka na maua hutokea, kwa kawaida kati ya siku tatu na saba baada ya mvua. Mzunguko huo wa ukavu na mvua unaweza kujirudia mara kadhaa katika msimu mmoja wa joto. Anayemwagilia kidogo kidogo kila jioni huuondolea mmea ukavu ule unaotangulia mvua, na hupata majani mengi ya kupendeza, lakini maua machache.

Katika chungu, basi, ni vyema kuuacha mmea upumzike kwa wiki nne hadi sita, ukipewa maji kidogo tu ili mizizi isife, kisha uloweshwe mpaka maji yatiririke chini ya chungu. Baada ya hapo chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili kabla ya kumwagilia tena, na ikiwa bado kuna unyevu, acha. Ua jeupe, candida, lina tabia tofauti: linapenda unyevu zaidi kuliko mengine na huvumilia hata ukingo wa bwawa dogo, hivyo lisikaushwe kwa muda mrefu. Ushauri wa kukausha unahusu zaidi yale ya waridi na ya manjano.

Hali ya hewa ya miji yetu miwili inaufaa mmea huu bila taabu kubwa, lakini haifanani. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, kwa hiyo joto la Moshi ni kali zaidi na udongo hukauka upesi. Miji yote miwili hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Masika ndiyo yenye hatari kwa matunguu, kwa sababu Aprili maji huweza kusimama siku nyingi bustanini, hasa penye udongo mzito. Baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti hayauui mmea. Huupunguzia kasi tu, na wakati huo maji yapunguzwe sana. Vuli, kwa upande mwingine, huja baada ya kiangazi cha Septemba na Oktoba, na ndiyo nafasi nzuri zaidi ya kupata maua mengi kwa wakati mmoja. Familia za Uchagani zinazotaka nyumba na makaburi ya wazee yawe na maua pale ndugu wanaporudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi zinaweza kuitumia tabia hiyo: usimwagilie kabisa maua ya ardhini katika kiangazi hicho, na kama mvua zikichelewa kupita kawaida, lowesha eneo zima kwa kina katika wiki ya tatu ya Desemba. Hatuwezi kumwahidi mtu tarehe ya maua, lakini mpangilio huo unaongeza uwezekano.

Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni mzuri kwa kuwa una rutuba na hupitisha maji. Shida huanza tambarare za chini, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kushika maji masika. Aliye na udongo wa namna hiyo asihangaike kuubadilisha. Ainue tuta la sentimita 15 au 20 na kulijaza mchanganyiko wa udongo wa juu, mboji na mchanga wa mto kwa viwango vinavyolingana. Kokoto ndogo nyekundu za volkano, zile nyepesi zenye matundu, zinafaa sana badala ya mchanga. Maganda ya kahawa yanayopatikana kwa urahisi Moshi ni mazuri pia, ila yawe yameoza kabisa. Mabichi huchemka yakioza, na joto hilo huunguza mizizi.

Tunguu lizikwe sentimita tatu hadi tano chini, shingo yake ikiwa karibu kabisa na uso wa udongo, na kati ya tunguu na tunguu ziachwe sentimita tano hadi nane. Chagua mahali penye jua lisilopungua saa sita kwa siku. Moshi, kivuli chepesi cha alasiri hakidhuru. Chini ya mjakaranda mkubwa au mwembe mmea utaishi lakini hautachanua kwa kuridhisha, na hakuna mbolea itakayofidia jua.

Kwa maoni yangu ardhini ni bora kuliko chunguni, hasa kandokando ya kijia au mbele ya uzio wa mimea ya masale, kwa sababu ardhini mvua yenyewe hufanya kazi yote. Wasio na ardhi watumie chungu kipana kisicho na kina kirefu, au ndoo ya plastiki iliyotobolewa matundu ya kutosha chini, na wasiharakishe kuhamisha mimea; matunguu yaliyosongamana huchanua vizuri, na hutosha kuyagawa kila baada ya miaka mitatu au minne. Mbolea isizidishwe. Mboji mwanzoni mwa mvua inatosha, na ikibidi mbolea ya dukani, iwe kiasi kidogo cha NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwani urea na CAN, ambazo ni mbolea za nitrojeni, huleta majani tu.

Kugawa kichaka ndiyo njia rahisi ya kuongeza mimea. Fukua kundi zima mwishoni mwa kiangazi, tenganisha matunguu kwa mkono, na uyapande siku hiyohiyo au siku chache baadaye. Tunasisitiza hili kwa kuwa watu huyachukulia kama vitunguu vya sokoni na kuyaanika au kuyatundika jikoni kwa miezi. Mizizi ya yungiyungi la mvua haipendi kukauka kabisa, na matunguu yaliyosinyaa huchukua muda mrefu kupona. Mbegu nazo zina njia yake: baada ya ua kunyauka hutokea kijitumba chenye vyumba vitatu ambacho hupasuka baada ya wiki chache na kutoa mbegu nyeusi, bapa na nyembamba mno. Zipandwe zikiwa mbichi, juu juu tu, kwenye viriba au trei yenye unyevu. Huota ndani ya wiki moja hadi tatu, na miche huchanua baada ya mwaka mmoja au miwili. Aina ya manjano hutoa mbegu kwa wingi, ilhali carinata mara nyingi haishiki mbegu.

Wadudu si wengi. Vidung'ata hujificha kwenye shingo ya tunguu na huondolewa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono hula machipukizi usiku wa masika na huokotwa kwa mkono. Anayeweza kumaliza kichaka kwa siku chache ni kiwavi mweusi mwenye madoa meupe na ya manjano, ambaye hutoboa jani na kushuka hadi kwenye tunguu. Kagua majani kila mvua zinapoanza, kata yaliyotobolewa, ponda viwavi. Mabaka mekundu ya kutu kwenye majani ni dalili ya kuvu, na dawa ya kwanza ni kuondoa majani hayo na kuacha kumwagilia kwa kunyunyiza juu. Tunguu lililolainika na kunuka halitibiki. Litupwe pamoja na udongo ulioligusa, lisiwekwe kwenye shimo la mboji.

Jambo linalotupa wasiwasi zaidi ni sumu. Mmea wote, na hasa tunguu, una kemikali za jamii ya alkaloidi, ikiwamo likorini, zinazosababisha kutapika, kuharisha na kutokwa na mate mengi. Tunguu lake lafanana na kitunguu kichanga, na majani ya ua jeupe yafanana na majani ya kitunguu, kwa hiyo lisipandwe kamwe kwenye bustani ya mboga, wala matunguu yasihifadhiwe jikoni. Mtoto akila, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na kipande cha mmea alioula, na asilazimishwe kutapika. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani na mbuzi, ambao hukusanya majani kila kona ya shamba, wawaonye wanaokata majani wasichanganye haya na malisho. Nawa mikono baada ya kugawa matunguu.

Mwisho ni kuhusu mahali pa kupata mimea. Vitalu vya barabara ya Arusha hadi Moshi, hasa kuanzia Tengeru hadi Usa River, huwa na maua ya matunguu msimu wa mvua, na jirani mwenye kichaka kilichosongamana naye hawezi kukosa cha kugawa. Matunguu mapya, popote yalikotoka, yakae kwenye chungu cha peke yake kwa takriban mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na mengine. Yasiletwe kwenye begi la safari kutoka nje ya nchi: chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, uingizaji wa mimea na sehemu zake husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, na anayetaka kuagiza matunguu anapaswa kupata kibali cha kuingiza kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka, ukiambatana na cheti cha usafi wa mimea cha nchi hiyo.