Je, wajua kwa nini maikrosekunde 13 zilitosha kuikata redio Uingereza?

Jumanne ya tarehe 26 Januari 2016, mafundi wa mitambo ya mawasiliano katika nchi mbalimbali walianza kuona kengele za tahadhari zikilia kwenye kompyuta zao. Hakuna mnara ulioanguka. Hakuna waya uliokatwa, na umeme ulikuwapo. Huko Uingereza matangazo ya redio ya dijitali ya BBC yakawa yanakatika katika baadhi ya maeneo. Kampuni ya Chronos ya hukohuko, inayoangalia vifaa vya saa vya mitandao ya simu, ilipokea kengele hizo kwa takriban saa 12.

Chanzo kilipopatikana, kilikuwa hiki: setilaiti kadhaa za GPS zilikuwa zinatangaza saa yenye kosa la maikrosekunde 13.

Maikrosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni. Ukipepesa jicho mara moja, zimekwisha kupita zaidi ya laki moja. Sasa redio, chombo cha kusikilizia taarifa ya habari na muziki, inahusikaje na kipimo kidogo kiasi hicho?

Kumbuka mkutano wa hadhara uwanjani ambako spika zimefungwa huku na kule. Ukisimama karibu na spika moja unasikia vizuri. Ukisimama katikati, neno lilelile linakufikia mara mbili, moja likiwahi na lingine likichelewa, na hotuba inageuka kelele. Minara ya redio ya dijitali ina shida hiyohiyo, ila kwake ni mawimbi badala ya sauti. Katika DAB, mfumo wa redio hiyo ya dijitali, minara mingi ya nchi nzima hurusha kipindi kimoja katika masafa yaleyale. Faida yake ni kubwa, kwa sababu unasafiri mji hadi mji bila kugusa kitufe cha redio ya gari, na masafa mengine yanabaki kwa matumizi mengine. Teknolojia ya DVB-T2, ambayo Kenya inaitumia kwa ving'amuzi vya antena, nayo ina uwezo huo.

Sharti ni moja: minara yote iseme neno moja kwa wakati mmoja. Wahandisi wa DAB waliacha nafasi ya kusameheana ya maikrosekunde 246. Inaonekana nyingi, lakini sehemu kubwa ya nafasi hiyo huliwa na umbali. Wimbi la redio husafiri mita 300 kwa kila maikrosekunde, kwa hiyo 246 ni sawa na kilomita 74 hivi, yaani tofauti ya safari kati ya mnara ulio karibu nawe na ule wa mbali. Kosa la maikrosekunde 13 ni kama mtu kauhamisha mnara kilomita nne bila kumwambia yeyote. Na mitambo mingi ya namna hii, ikiona saa yake imeruka ghafla, hujinyamazisha yenyewe, maana mnara unaorusha kwa wakati usio wake huwaharibia hata majirani zake.

Saa hiyo hutoka wapi? Kwa miaka mingi jibu limekuwa moja: juu. Sisi tunaifahamu GPS kama ramani ya simu, lakini kiini chake ni saa. Kila setilaiti imebeba saa za atomu, na kazi yake ni kutangaza bila kukoma kwamba sasa hivi kwangu ni saa fulani. Simu yako hupima tangazo la kila setilaiti limechukua muda gani njiani, kisha inakokotoa uko wapi. Yeyote mwenye antena ya bei nafuu anaweza kuchukua saa hiyo bure, naye akawa na usahihi ambao zamani ulipatikana maabara tu. Ndiyo maana kampuni za simu, za umeme, mabenki na masoko ya hisa waliichukua wote. Hakuna aliyewalazimisha, ilikuwa nzuri, na haikuwa na bili.

Kilichotokea siku ile kilianzia kwenye jambo la kawaida kabisa. Setilaiti SVN 23, kongwe kuliko zote wakati huo, iliyorushwa mwaka 1990, ilikuwa inastaafishwa. Ilipoondolewa kwenye kundi, programu ya kituo cha ardhini cha Jeshi la Anga la Marekani ikapakia takwimu zenye kosa kwenye baadhi ya setilaiti zilizobaki. Takwimu hizo hazikuhusu mahali setilaiti zilipo. Zilihusu tofauti kati ya saa ya GPS yenyewe na saa ya dunia, ile ya UTC. Kwa hiyo dereva aliyefuata ramani hakuona kitu, na meli hazikupotea. Walioumia ni wale waliokuwa wakiitumia GPS kama saa.

Mfumo wowote wa maana huandaliwa kwa siku ambayo antena itanyamaza. Ndani ya kisanduku kuna kioo cha kwatsi kilichotunzwa kwenye joto lisilobadilika, ambacho kitaendelea kuhesabu vizuri kwa saa chache. Mwenye fedha zaidi huweka saa ya atomu ya rubidiamu, ikambeba takriban siku nzima. Mwenye saa ya atomu ya sesiamu ana wiki kadhaa. Lakini siku ile antena hazikunyamaza. Zilisema, kwa sauti ileile ya kila siku, jambo lisilo kweli. Saa ya akiba husubiri ukimya ndipo ishike zamu, na ukimya haukuja. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu tumezoea kujiandaa kwa kukosa na hatujajiandaa kudanganywa.

Hata ukimya wenyewe ni rahisi kuuleta. Setilaiti hizi ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja hurusha kwa nguvu ya wati makumi machache, kama balbu za zamani. Kinachofika chini ni mnong'ono. Mwaka 2012 karibu na uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, dereva mmoja wa gari la kazini alichomeka kifaa cha kuzuia GPS ili mwajiri wake asijue anakozunguka, akavuruga mtambo wa uwanja wa kuongozea ndege. Alitozwa faini ya karibu dola 32,000. Mwaka 2024 shirika la ndege la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima kwa sababu GPS ilikuwa inavurugwa katika eneo hilo. Na sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna letu ambalo halihitaji mtu mbaya: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga katika ukanda huu huchafuka, hasa kuelekea Machi na Septemba, na mawimbi ya setilaiti hupita yakitetemeka kama taa inayoonekana kupitia maji. Kuongeza Galileo, mfumo wa Ulaya unaofanana na GPS, kunasaidia, lakini masafa yake yanakaribiana na ya GPS, na kizuizi kimoja huweza kuziziba zote. Galileo yenyewe ilizimika kwa takriban wiki moja Julai 2019.

Basi kwa nini saa isipite kwenye waya? Nyaya za faiba zimekwisha kufika kwenye minara. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu kusafirisha saa si kama kusafirisha picha. Picha ikichelewa njiani, bado ni picha ileile. Saa ikichelewa, imekwisha kuwa uongo.

Tuseme wewe uko Kariakoo na shangazi yako yuko Mwenge, mnataka saa zenu zilingane, na chombo mlicho nacho ni bodaboda na karatasi. Unaandika: nimetuma saa nne kamili. Shangazi anapokea, anaangalia saa yake, anaandika: imenifikia saa nne na dakika 25. Anamaliza chai yake, anaandika: nairudisha saa nne na nusu. Karatasi inakurudia saa nne na dakika 45 kwa saa yako. Sasa kokotoa. Kwako zimepita dakika 45, na tano kati ya hizo karatasi ilikuwa mezani kwa shangazi. Barabarani imekaa dakika 40, yaani 20 kwenda na 20 kurudi. Ilipaswa kumfikia saa nne na dakika 20, lakini saa yake ilisema 25. Saa ya shangazi imetangulia dakika tano. Unampelekea ujumbe airudishe nyuma.

Hivyo ndivyo kompyuta zinavyofanya. Itifaki ya NTP, aliyoianzisha David Mills na ambayo imekuwapo tangu mwaka 1985, hutumia hesabu hii, na ndiyo inayoweka saa ya kompyuta yako. PTP, iliyopewa kiwango na taasisi ya IEEE mwaka 2002, ni ndugu yake aliye makini zaidi.

Lakini turudi barabarani. Je, kama wakati wa kwenda palikuwa na foleni Magomeni, bodaboda akatumia dakika 25, na kurudi njia ikawa nyeupe, akatumia 15? Jumla ni 40 zilezile. Karatasi ina maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Ila safari hii saa ya shangazi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na wewe umemwambia aiharibu. Hakuna namna ya kuligundua kosa hilo kwa kuitazama karatasi peke yake.

Kwenye mtandao foleni ni foleni kweli. Pakiti, yaani vifurushi vya data, zinasubiriana kwenye kila swichi, kifaa kinachozielekeza njia, na kila moja husubiri kwa muda wake. Dawa ya PTP ni kuifanya kila swichi iandike kwenye pakiti imeiweka kwa muda gani, ili muda huo utolewe kwenye hesabu. Inafanya kazi vizuri mahali ambapo kila swichi njiani inaijua PTP. Penye swichi za zamani au za kukodi kwa kampuni nyingine, huna uhakika huo. Halafu kuna urefu wa waya wenyewe. Mwanga ndani ya faiba hutumia maikrosekunde tano kwa kilomita. Uzi wa kwenda ukiwa mrefu kuliko wa kurudi kwa kilomita moja tu, saa inakosea kwa maikrosekunde 2.5. Mtandao wa 5G unaopokezana zamu ya kutuma na kupokea katika masafa yaleyale, kama ule wa gigahezi 3.5, unaruhusu kosa lisilozidi maikrosekunde 1.5. Kilomita moja ya waya, na mnara umeshatoka nje ya mstari.

Miongoni mwa walioihangaikia shida hii mapema ni watu wa televisheni. Kwenye studio, kamera nne zinazotazama uwanja mmoja zikipishana, mkurugenzi akibadili kutoka moja kwenda nyingine picha inaruka. Zamani waya maalumu ulipeleka mpigo mmoja kwa kamera zote. Tangu kiwango cha SMPTE ST 2110 kianze kutoka mwaka 2017, picha hupita njia yake kwenye mtandao na sauti njia yake, kila kimoja na muhuri wa saa, vikakutane mwishoni. Kiwango hicho kinaitegemea PTP moja kwa moja. Bila saa ya pamoja, mdomo wa mtangazaji na sauti yake havikutani. Wataalamu waliozoea kusafirisha mechi za moja kwa moja kwa mamia ya kilomita walijifunza kupima ucheleweshaji wa kila kipande cha njia. Net Insight ya Sweden, inayojulikana kwa vifaa vya kusafirishia matangazo, iliupeleka ujuzi huo kwa kampuni za simu, na ilishirikiana na Türk Telekom ya Uturuki kufikisha saa ya 5G kwa mtandao wa nyaya bila kutegemea setilaiti.

Pamoja na hayo, waya peke yake haumalizi shauri. Ukiwa na saa mbili zinazopingana, hujui ipi inasema kweli. Ukiwa na tatu, zinazotoka sehemu tofauti, mwongo anajulikana. Sweden imeweka saa za atomu kwenye vituo vya Netnod katika miji yake kadhaa, zikigawa saa ya taifa kwa mtandao. Uingereza ilitangaza mwaka 2020 mpango wa kujenga mtandao wa saa zake, ukiongozwa na maabara ya taifa ya vipimo ya NPL. Inaumiza kukumbuka kwamba majaribio yake ya eLoran kwa ajili ya meli, mfumo wa minara ya ardhini yenye mawimbi ya nguvu kubwa ambayo kifaa cha mfukoni hakiwezi kuyafunika, yalifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Siku 26 baadaye GPS ikakosea.

Vodacom iliwasha 5G Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ikaanza kuiuza Kenya mwezi uliofuata. Ukipita karibu na mnara wa simu, angalia pembeni mwa antena kubwa, au juu ya makabati yaliyo chini. Mara nyingi utaona kitu cheupe kidogo, mfano wa uyoga, kimeelekea mbinguni. Hiyo ndiyo antena ya GPS. Ndani ya kabati kuna kioo cha kwatsi kinachosubiri uyoga huo unyamaze, na kando yake, mara nyingi, waya wa faiba unaoingia kutoka ardhini.