Kukohoa hakuzuii mshtuko wa moyo

Miaka nenda rudi, magrupu ya WhatsApp hapa Dar yanapokezana ujumbe huu: ukibanwa kifua ukiwa peke yako, kohoa kwa nguvu mfululizo, utapona. Si kweli. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha moyo unapoziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda, na kikohozi hakiuzibui.

Mkanganyiko una chanzo. Daktari anapopitisha mrija kwenye mishipa ya moyo, mapigo yakivurugika ghafla, huweza kumwambia mgonjwa akohoe, huku mashine zikimfuatilia. Nyumbani Mbagala mashine hizo hazipo. Muulize daktari yeyote wa kliniki ya moyo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kifua kikibana, gonga kwa jirani akupeleke hospitali, usiendeshe mwenyewe. Ukifika, sema mapema kwamba kifua kinabana: kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, hutakiwa ndani ya dakika 10 tangu ufike.