Kwenda nyumbani Desemba na watoto wadogo: maswali na majibu kuhusu afya ya safari

Shule zikifungwa mwezi wa 12, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hufurika familia zinazokwenda nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550, hadi Mbeya zinapita 800, na wa Bukoba wana takribani 1,400 mbele yao. Wazazi wengi tunaokutana nao kliniki kabla ya sikukuu wanahofia upepo, baridi na kubadili maji. Hofu hizo tutazigusa. Ila yanayowaumiza watoto safarini mara nyingi ni mengine: kukosa siti, dawa za kulazimisha usingizi, chakula kilichokaa, na mbu wa huko wanakokwenda.

Mtoto mchanga asafiri akiwa na umri gani?

Hakuna umri uliokatazwa, lakini kama safari inaweza kusubiri, mngoje afikishe wiki sita na apate chanjo za umri huo. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa au akigoma kunyonya, hiyo ni dharura na anatakiwa aonwe na mhudumu wa afya mara moja. Si jambo rahisi ukiwa ndani ya basi katikati ya pori.

Tumfikirie na mama pia. Katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi zaidi, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji, na kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huongeza hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimbana ghafla, aende hospitali bila kusubiri kufika.

Mtoto wa miaka mitatu nimlipie siti yake, au nimpakate?

Mlipie siti. Najua nauli za Desemba zinavyouma, na najua konda mwenyewe atakwambia "huyo mtoto mpakate tu". Hata hivyo, kama kuna mahali pa kuongeza pesa katika safari hii yote, ni hapa, kabla ya nguo mpya na zawadi za bibi.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, mtu aliye ndani asiyefungwa mkanda anaendelea mbele kwa mwendo uleule. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, urefu huo ni mita 25. Hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kumzuia mtoto wa kilo 12 kwa kishindo hicho, hata awe na nguvu kiasi gani. Kumfunga mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaomkandamiza kwenye mkanda. Akiwa na siti yake, mkanda wa kiunoni upite chini kabisa kwenye nyonga, usikae tumboni. Usikubali akae kwenye kifuniko cha injini karibu na dereva au kwenye ndoo katikati ya njia.

Na kwenye gari letu wenyewe?

Huko una uwezo wa kufanya vizuri zaidi. Mtoto mchanga na wa mwaka mmoja awe kwenye kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya gari, na aendelee hivyo kwa kadiri kiti kinavyomtosha. Shingo yake bado ni laini na kichwa ni kizito kwa umbo lake. Akitazama nyuma, mgongo wote unapokea kishindo badala ya shingo peke yake. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani ukifumuka unaweza kumuua. Akikua huhamia kiti kinachotazama mbele, kisha kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani badala ya shingoni. Wengi hukihitaji mpaka wafikishe urefu wa sentimita 135 au zaidi. Viti vya mtumba vinauzwa, lakini uliza kama kilishawahi kuwa kwenye ajali, na angalia mikanda na nyufa.

Kila baada ya saa mbili simameni. Kichanga atolewe kwenye kiti alazwe au abebwe, maana kichwa kikiinama muda mrefu kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa. Dereva naye ashuke, anyooshe mwili. Uchovu wa baba aliyeamka saa tisa usiku kupakia mizigo ni hatari kubwa kwa watoto kuliko upepo wa dirishani.

Kuna dawa ya kumpa alale mpaka tufike?

Hapana. Wazazi wanaelekezana dawa za maji za mafua na za aleji kwa kuwa zinaleta usingizi, na nyingine zinauzwa bila swali lolote. Promethazini, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kuzuia kutapika au aleji, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu imewahi kuwafanya watoto wa umri huo waache kupumua. Kwenye siti yenye giza, mtoto akiwa amefunikwa kanga, hutaona kama amelala au pumzi zimekwisha. Wapo pia watoto ambao dawa hizi huwafanya wahangaike na kulia zaidi.

Mtoto akilia safarini, ana njaa, ana nepi iliyolowa, ana joto, au amechoka kukaa. Abiria wenzako watavumilia.

Anatapika kila tukisafiri. Nifanye nini?

Ndani ya sikio kuna sehemu inayohisi mwendo. Gari likikata kona za Kitonga au za kupanda Lushoto kutoka Mombo, sikio linasema "tunasogea", wakati macho yaliyoganda kwenye simu yanasema "tumetulia". Ubongo unachanganyikiwa na tumbo linachafuka. Kwa hiyo simu ya kumtulizia mtoto ndiyo mara nyingi inayomtapisha. Mwondolee, mwelekeze atazame mbali nje, mfungulie hewa. Kwenye basi, siti za katikati huyumba kidogo kuliko za nyuma kabisa. Mpe kitu chepesi kama mkate mkavu, ndizi au kiazi cha kuchemsha. Asipande gari na tumbo tupu wala na chipsi mayai. Beba kopo lenye mfuniko na kanga ya ziada.

Kichefuchefu cha safari huwapata sana watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Wa chini ya hapo akitapika, na hasa akiwa na homa au anaharisha, usiseme ni gari tu. Kama kwa mkubwa unataka dawa, muulize mfamasia kwa umri na uzito wake, na ijaribuni nyumbani siku kadhaa kabla.

Masikio yakiziba mkiteremka mlima, mnyonyeshe mdogo na mkubwa anywe maji kidogokidogo. Kumeza hufungua.

Chakula tubebe au tununue njiani?

Bebeni cha kutosha mlo wa kwanza, kisha chagueni kwa macho makali. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na ndani ya basi la mchana wa Desemba muda huo ni mfupi zaidi. Pilau ya kuku iliyofungwa kwenye hotpoti saa tisa usiku haifai kwa mtoto saa saba mchana hata kama bado inanukia vizuri. Vinavyohimili safari ni vitu vikavu na vilivyo ndani ya ganda lake: mkate, chapati kavu, viazi vitamu, ndizi, machungwa ambayo utayamenya mwenyewe baada ya kunawa.

Vituoni nunua kilichotoka motoni mbele yako. Muhindi wa kuchoma unaotoka kwenye mkaa ni salama kuliko tikiti lililokatwa vipande tangu asubuhi, na kuliko juisi ya miwa yenye barafu usiyojua imetengenezwa kwa maji gani. Uji uwekwe kwenye chupa ya chai ukiwa wa moto kabisa. Ukishakuwa vuguvugu, mwaga. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu, hahitaji maji hata kukiwa na joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kwenye gari binafsi, simameni kwanza ndipo umtoe kwenye kiti chake kumnyonyesha.

Korosho, karanga, ubuyu na pipi ngumu zinazouzwa madirishani zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano garini. Tuta moja tu linatosha kuipeleka punje kwenye njia ya hewa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, mgeuze umkandamize kifua mara tano kwa vidole viwili. Wa zaidi ya mwaka, muinamishe mbele umpige mgongoni, kisha simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu mara tano, ukivuta ndani na juu. Rudia mpaka kitu kitoke, na wengine wasake msaada wa hospitali.

Ni kweli kubadili maji ndiko kunakoharisha watoto?

Maji mageni hayana kosa kwa ugeni wake. Kinachoharisha ni vijidudu vya kinyesi kwenye maji, chakula au mikono, iwe Dar au kijijini. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe, au yatoke kwenye chupa uliyoifungua mwenyewe. Gari likisimama kuchimba dawa, hakikisha kila mtu amenawa kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye chakula. Dumu dogo la maji na kipande cha sabuni vinatosha. Umshike mtoto mkono, mchimbe upande uleule gari liliposimama, msivuke barabara.

Akianza kuharisha, anza ORS palepale, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Soma pakiti: nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na mchanganyiko utumike ndani ya saa 24. Kila akiharisha, wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Zinki nayo ianze, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita, na iendelee siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha. Macho yakizama, mkojo ukikosekana, au akilegea asiweze kunywa, safari iishie kwenye hospitali iliyo karibu.

Nimfunike kiasi gani? Naogopa upepo utamletea nimonia.

Nimonia huletwa na vimelea. Upepo wa dirisha hauileti. Moshi wa kuni kwenye jiko la nyumbani unaumiza mapafu yake zaidi, hivyo usimlaze jikoni huko mwendako. Mvalishe nguo nyepesi zinazoongezeka na kupunguka, na mguse shingoni: kama ana jasho, punguza. Dirisha lifunguliwe kidogo. Usimwache ndani ya gari lililoegeshwa hata unapokwenda kununua maji tu. Ndani ya dakika 10 joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka sana kuliko wako.

Dawa zipi nibebe?

Parasetamo ya maji na kipimo chake, ORS, zinki, na dawa zake za kila siku kama ana pumu, kifafa au selimundu. Hizi za mwisho ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisipakiwe kwenye buti chini ya magunia. Mtoto wa selimundu anywe maji muda wote na awe na sweta kwa ajili ya nyanda za juu, kwani kukauka na baridi vinaweza kuamsha maumivu. Na kadi ya kliniki isisahaulike. Kama anafikisha miezi 9 au 18 mkiwa huko, chanjo ya surua na rubela anaipata kwenye kituo chochote.

Tukirudi salama, tumemaliza?

Bado. Mtoto aliyekulia Moshi, Arusha au katikati ya Dar hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria kama binamu zake wa Kagera, Tabora au Mtwara. Wote wanaweza kung'atwa na mbu walewale, yeye akaugua vibaya zaidi. Bebeni chandarua chake chenye dawa, msitegemee kipo huko. Nyumba ya babu ikijaa wageni, watoto hulazwa chini kwenye mkeka bila chandarua.

Malaria huchukua kama wiki moja hadi mwezi kujitokeza, kwa hiyo homa inaweza kuanza Januari shule zikiwa zimefunguliwa. Nenda akapimwe siku hiyohiyo, usimpe dawa mseto kwa kubahatisha. Degedege, kulegea, kutapika kila kitu, kupumua kwa kasi au mbavu kubonyea ndani ni dalili za kukimbiza hospitali muda wowote wa usiku. Ukifika, mwambie mhudumu kwamba mlisafiri, mlikwenda mkoa gani na mlirudi lini, hata kama hajauliza.