Bati na hewa ndani ya kichupa: kemia ya kutayarisha dawa za teknesiamu

Mgonjwa anayepigwa picha ya mifupa kwa kamera ya gama huchomwa sindano ya maji yasiyo na rangi, ambayo kwa macho hayatofautiani na maji ya chumvi. Ndani yake mna teknesiamu-99m, ambayo nusu-maisha yake (muda ambao nusu ya atomu zake huvunjika) ni saa 6 na ambayo hutoa miale ya gama yenye nishati ya kiloelektronivolti 140. Wengi hutuuliza kuhusu mionzi hiyo. Wachache huuliza kuhusu kemia, ilhali kemia ndiyo inayoamua mionzi iende kwenye mfupa, kwenye figo au mahali pasipotakiwa.

Teknesiamu hupatikana kwenye jenereta (si ile ya umeme, bali chombo cha kuzalisha teknesiamu), ambamo molibdenamu-99, yenye nusu-maisha ya saa 66, imeshikwa na alumina, yaani oksidi ya alumini, na huvunjika polepole na kuwa teknesiamu-99m. Tukipitisha maji ya chumvi ya asilimia 0.9, molibdenamu hubaki na teknesiamu hutoka ikiwa pateknetati, yaani atomu moja iliyozingirwa na oksijeni nne, katika hali ya oksidesheni ya +7, yaani kana kwamba imepoteza elektroni saba. Katika umbo hilo haina hamu ya kushikana na molekuli nyingine, na mwili huipokea kama unavyoipokea ayodini: huikusanya kwenye tezi ya thairoidi, tezi za mate na tumbo.

Ili ifike kwenye mfupa, ni lazima kwanza ipewe elektroni, na kazi hiyo hufanywa na metali ya bati (kwa Kiingereza, tin). Kichupa cha maandalizi huwa na unga mkavu wenye chumvi ya bati ya hali ya +2 pamoja na ligandi, yaani molekuli inayojua njia ya kwenda kwenye kiungo, kama vile medronati kwa ajili ya mifupa. Bati huishusha teknesiamu kutoka +7, na papo hapo ligandi huikamata. Sestamibi, inayotumika kupiga picha za moyo, ni ngumu zaidi: isonitrili zake, ambazo ndizo ligandi, zimeshikwa na shaba, hivyo kichupa huchemshwa kwa dakika 10 ili ziachiliwe na sita kati yake ziizingire atomu moja ya teknesiamu iliyoshushwa hadi +1.

Kiasi kinachohusika ni kidogo mno. Gigabekereli 1 ya teknesiamu-99m ina uzito wa takriban nanogramu 5 tu, kwa hiyo bati huwa nyingi kupita kiasi, na mtu angedhani haiwezi kupungua. Hupungua, kwa sababu oksijeni huigeuza kuwa ya +4, ambayo haina tena elektroni za kutoa. Ndiyo maana vichupa hujazwa naitrojeni, na ndiyo maana anayetayarisha haruhusiwi kusukuma hewa ndani kwa bomba la sindano. Badala yake huvuta gesi ya ujazo ule ule wa maji aliyoingiza. Pateknetati ikibaki huru, tumbo na thairoidi huonekana kwenye picha ya mifupa. Teknesiamu ikishushwa bila kukamatwa na ligandi, hugeuka chembechembe za oksidi zinazonaswa na ini na wengu.

Jenereta iliyokaa siku kadhaa bila kutumika nayo huleta shida, kwani teknesiamu-99 iliyokwisha poteza nishati yake hujilimbikiza humo, na kwa kuwa kikemia ni ile ile, hugombea bati. Eksametazimu, dawa ya picha za ubongo, ina bati chache na haivumilii jambo hilo: hutaka jenereta iliyotumika ndani ya saa 24 zilizopita na maji yaliyotoka humo si zaidi ya saa 2 zilizopita.

Kabla ya kutumika, dawa hupimwa kama teknesiamu imeshikana na ligandi. Upimaji wenyewe, kwa medronati, ni wa dakika chache. Tone huwekwa kwenye vipande viwili vya kromatografia, ambavyo kimiminika hupanda juu yake na kutenganisha vilivyomo katika tone: asetoni hupandisha pateknetati huru peke yake, na maji ya chumvi hupandisha kila kitu isipokuwa oksidi.

Bati iliyoingia mwilini haiishii hapo. Hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu kwa siku kadhaa, na pateknetati ikidungwa katika muda huo hunaswa humo badala ya kufika kwenye thairoidi. Kwa hiyo mgonjwa anayehitaji vipimo vyote viwili, cha mifupa na cha thairoidi, tunamwomba daktari wake aanze na kile cha thairoidi.