Je, Wajua Jinsi Mchele Unavyozaa Pombe Kali Kuliko Mvinyo?

Bia nyingi huwa na kileo cha asilimia 5 hivi, na mvinyo wa zabibu kwa kawaida huwa kati ya asilimia 12 na 15. Sake, pombe ya mchele ya Wajapani, inaweza kukaribia asilimia 20 ingali ndani ya pipa, kisha mara nyingi huongezwa maji ili ishuke hadi 15 au 16 kabla ya kutiwa kwenye chupa. Haichemshwi ili mvuke wake ukusanywe, kama ifanyikavyo kwa gongo au wiski. Ni pombe ya kuchachushwa tu, na kinachochachushwa ni nafaka isiyo na sukari ya kutajika. Nguvu hiyo inatoka wapi?

Chachu hula sukari na kutoa kileo, lakini wanga haiuwezi. Wapika busaa wa magharibi mwa Kenya huondoa kikwazo hicho kwa kimea: ulezi hulowekwa hadi uote, na katika kuota huko hujitengenezea vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari. Mchele uliokobolewa hauna njia hiyo, kwa sababu kiini kinachoota huondoka pamoja na pumba. Wajapani wamekabidhi kazi ya kimea kwa ukungu, ambao wanasayansi huuita Aspergillus oryzae. Mchele uliomeshwa ukungu huo ndio huitwa koji. Mwaka 2006 Jumuiya ya Upikaji Pombe ya Japani iliutangaza ukungu huu kuwa kuvu wa taifa, na Desemba 2024 UNESCO ikauingiza ufundi wa kupika pombe kwa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kazi huanza kwa kukoboa. Protini na mafuta ya tabaka za nje za punje huleta ladha nzito, hivyo mchele wa sake hukobolewa kupita kiasi cha mchele wa kula. Katika daraja la daiginjo, angalau nusu ya punje huondolewa. Aina ya mchele yenye sifa kubwa zaidi, Yamada Nishiki, ilipewa jina hilo mwaka 1936 katika mkoa wa Hyogo. Punje zake ni kubwa, na katikati zina doa jeupe la wanga laini. Punje zilizokobolewa kiasi hicho hufyonza maji upesi mno, kwa hiyo katika viwanda vidogo utawaona wafanyakazi wamesimama na saa mkononi, wakihesabu sekunde kabla ya kuinua kikapu kutoka majini. Mchele ukilowa kupita kiasi hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Baada ya hapo hupikwa kwa mvuke, wala hautokoswi, na sababu yake ni ya msingi: punje hubaki kavu nje na laini ndani, na ukungu, ukifuata unyevu, hulazimika kupenyeza nyuzi zake hadi katikati ya punje.

Wanunuzi hupenda kuulizia kiwango cha ukoboaji, kwa kuwa ni tarakimu inayosomeka kwenye lebo. Wapishi wenyewe wana msemo unaoitaja koji kwanza, kianzio cha chachu pili, na upikaji wenyewe tatu, na naona wako sahihi. Koji huoteshwa kwa takribani siku mbili katika chumba chenye joto la zaidi ya nyuzi 30, ambacho kwa desturi hufunikwa kwa mbao za sugi, mti wa Kijapani unaofanana na mwerezi. Mchele hutandazwa mezani, kisha mpishi hupita juu yake akitikisa kichungio kidogo kinachonyunyiza mbegu za ukungu, vumbi la kijani lililo jepesi kiasi cha kuelea hewani. Rundo hufunikwa kwa vitambaa, na baada ya saa kadhaa huanza kujipasha moto lenyewe, kwa maana ukungu unaokua hutoa joto. Likiachwa linapanda kupita kiasi na kuuharibu ukungu. Likipozwa mno ukuaji hudorora. Ndiyo maana mtu huamka usiku wa manane, akautandua mchele kwa mikono, akaugawa katika trei za mbao na kubadilisha zilizo chini zikae juu. Mwishoni joto la mchele hupita nyuzi 40, punje huwa na madoa meupe, na chumba hunukia njugu zilizochomwa. Katika msimu huo wapishi hawali natto, soya iliyochachushwa, kwa kuhofia kwamba bakteria wake wastahimilivu watavamia koji.

Kianzio cha chachu, yaani mchanganyiko mdogo wa mchele, koji na maji ambamo chachu huzalishwa kwa wingi kwanza, huhitaji asidi ya laktiki ili kuua vijidudu waharibifu. Katika njia ya kale, kimoto, wapishi hukandakanda mchele na koji kwa miti mirefu, wakawasubiri bakteria wa asili walete asidi hiyo, jambo linalochukua karibu mwezi mzima. Mwaka 1909 ilibainika kwamba kukanda huko si lazima, na mwaka uliofuata ikapatikana njia ya kutia asidi moja kwa moja, inayopunguza muda hadi wiki mbili hivi.

Kisha ndani ya pipa hutokea jambo linalojibu swali letu. Mpishi wa bia huugeuza wanga wote kuwa sukari kwanza, ndipo atie chachu. Angetaka kileo kingi angelazimika kuanza na maji matamu kama asali, na katika utamu huo chachu huelemewa. Katika pipa la sake, koji inakata wanga na chachu inakula sukari kwa wakati uleule. Sukari hutoka kidogo kidogo, huliwa inapotoka, na chachu haizamishwi kamwe katika utamu. Mchele, koji na maji navyo hutiwa kwa awamu tatu katika siku nne, na siku ya pili hakitiwi kitu ili chachu ipate kuongezeka. Uchachukaji huendelea kwa wiki tatu hadi tano. Kwa sake za madaraja ya juu joto hushikiliwa karibu na nyuzi 10 ili harufu yake ya matunda isipotee.

Ubaridi huo ndio uliofanya sake iwe kazi ya majira ya baridi. Wakulima wa Iwate na mikoa mingine ya theluji walikuwa wakiacha mashamba na kwenda kuishi viwandani hadi majira ya kuchipua, chini ya mpishi mkuu anayeitwa toji. Mitambo ya ubaridi imeviwezesha viwanda vikubwa kupika mwaka mzima, ila vidogo vingi vingali vinafuata baridi.

Pombe ikiiva hukamuliwa, machicha yake hutumika kuungia samaki na mboga, na sake nyingi hupashwa joto la nyuzi 65 hivi. Wajapani walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 16, muda mrefu kabla ya Louis Pasteur. Joto hilo huua vijidudu na kuzima vimeng'enya vya koji. Isiyopashwa huuzwa ikiwa ndani ya jokofu, kwa sababu vimeng'enya hivyo huendelea kuibadilisha ladha hata ndani ya chupa.