Umbali wa Saa Sita na Nusu

Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alikuwa akimweleza mama yake kwa simu kwamba Dubai ni "umbali wa saa sita na nusu", ila wakati wa kurudi umbali huo hupungua ukawa saa nne na nusu. Tiketi aliisoma sawasawa: kuondoka saa 10:00 jioni, kufika saa 4:30 usiku. Alichosahau ni kwamba tiketi huandika saa za kila mji, na Dubai imetutangulia kwa saa moja, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu saa tano na nusu zile zile.

Lakini kosa lake kubwa ni kupima umbali kwa saa. Umbali wa miji miwili kwa ndege ni urefu wa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kiwanja hadi kiwanja. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 3,980, yaani kama maili 2,150 za baharini, ambazo ndizo wanazotumia marubani na kila moja ni mita 1,852. Muda wa safari huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako, na ndani yake mna upepo na kuzungushwa angani kungoja zamu ya kutua, mambo ambayo hayafanani siku mbili mfululizo.

Wengine hukwepa "umbali" wakasema "masafa ya saa tano", kosa lile lile kwa neno zuri zaidi. Masafa tumeyapata kwa Waarabu, na wanakamusi wao wa kale wanalirudisha neno hilo kwenye kunusa: kiongozi wa msafara akipotea jangwani aliokota udongo, akaunusa, akajua kama bado yumo njiani. Halina undugu na "safari", ambayo ina mzizi wake mwingine, ijapokuwa masikioni yanafanana. Siku hizi redio nazo zina masafa, na sina ugomvi nazo.

Tofauti hii ya umbali na muda si ya juzi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walipoweka umbali unaomruhusu msafiri kupunguza sala, walianza na mwendo wa marhala mbili, yaani siku mbili za msafara wenye mizigo, wakaugeuza kuwa farsakhi 16, kipimo cha kale cha urefu, kisha wakasema kwamba hata anayezimaliza farsakhi hizo baharini kwa saa moja ruhusa anayo. Hayo waliyaandika karne nyingi kabla ya ndege.

Na anayependa kupima kwa saa hakunyimwa neno. "Umbali" umetokana na mbali, na mbali ni mahali. "Mwendo" umetokana na kwenda, na kwenda huchukua muda, ndiyo maana watu husema mwendo wa siku mbili kwa miguu bila kumkera yeyote. Kijana yule angesema tu kwamba Dubai ni mwendo wa saa tano na nusu kwa ndege, na mama yake angejua kuitazamia simu ya kufika saa 3:30 usiku kwa saa yake ya ukutani.