Kwa nini shokapu ya mbele ya motokrosi haikubali spana za kawaida?

Shokapu ya mbele ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yenye springi, oili na hewa kidogo. Lakini anayeifungua nyumbani kwa seti ya spana za injini hukwama sehemu tatu: kofia ya juu, fimbo inayozunguka ndani, na sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke). Hizo ndizo sehemu za kutolea pesa inapobidi, kwa sababu hapo chombo hugusa kitu ambacho kikiharibika hakitengenezeki tena. Vingine karibu vyote vinapatikana nyumbani au kwa mchomeleaji wa jirani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli sili imekufa. Mara nyingi oili huvuja kwa sababu chembe ya mchanga imekwama chini ya mdomo wa sili. Shusha kizuia vumbi kwa bisibisi bapa, kata kipande chembamba cha chupa ya plastiki chenye ncha iliyopinda kama ndoano, kiingize kati ya sili na bomba la kromu, kisha kizungushe pande zote ili kitoe uchafu. Futa, rudisha kizuia vumbi, endesha. Uvujaji ukikoma, hukuwa na haja ya kufungua. Ukiendelea, pitisha ukucha kwenye kromu. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, ulainishe kwanza kwa msasa wa maji namba 1000 na kuendelea, la sivyo sili mpya itakatwa siku hiyo hiyo.

Sasa kofia. Kwenye shokapu za kisasa za kampuni za KYB, Showa na WP, zile za kichwa chini, ambazo bomba nene liko juu na kromu iko chini, kofia nyingi ni za aluminiamu, zina pembe nane na upana wa karibu mm 49 au 50. Pima yako kwa kalipa, usikisie. Spana malaya hushika pembe mbili tu, nazo hulika mara moja. Nunua spana ya duara iliyotengenezwa kwa saizi hiyo. Kwenye pikipiki za zamani za kazi, kama Yamaha DT125 na Honda XL125 zilizozoeleka kwenye miradi ya vijijini Afrika Mashariki, kofia ikiwa na kichwa cha pembe sita hufunguka kwa soketi, ila kichwa hicho ni kifupi na mdomo wa soketi ya kawaida umechongwa mteremko kwa ndani, hivyo inashika kidogo na kuteleza. Saga mdomo wa soketi kwenye jiwe la grainda mpaka uwe bapa.

Kuna jambo moja ambalo chombo hakiwezi kukusaidia ukilikosea: legeza kofia shokapu ikiwa bado kwenye pikipiki, kati ya vibano viwili vinavyoishika, cha juu kikiwa kimelegezwa na cha chini kikiwa kimekazwa. Kibano cha juu hubana bomba palepale penye uzi wa kofia. Ukisahau kukilegeza, unapigana na uzi uliominywa. Na kama shokapu yako ni ya hewa badala ya springi, toa hewa yote kwenye valvu kwanza. Kofia iliyo na presha nyuma yake inaweza kuruka na kukujeruhi usoni.

Bolti ya chini ndiyo inayowasumbua wengi. Kwenye shokapu za kawaida, ambazo kromu iko juu, imejificha chini, karibu na ekseli, na hufunguliwa kwa elenki, mara nyingi ya mm 6 au 8. Bolti hiyo imeingia kwenye fimbo ya ndani ambayo haijashikwa na chochote isipokuwa msukumo wa springi. Ukizungusha bolti, fimbo nayo inazunguka. Kwa hiyo ilegeze kabla hujatoa kofia na springi, mwenzako akiikandamiza shokapu ili springi iisukume fimbo kwa nguvu. Bunduki ya kufungulia nati ikiwepo, itumie kwa vipindi vifupi. Ikishindikana, toa springi, chonga ncha ya mpini wa ufagio iwe na pande nne zinazopungua, uishushe ndani na kuigonga kidogo ili ing'ate kichwa cha fimbo. Kwenye aina ambazo kichwa hicho kina tundu la pembe sita, nati inayoenea humo, ikichomelewa kwenye ncha ya nondo, inafanya kazi vizuri kuliko mti. Washa ya shaba chini ya bolti iwe mpya kila mara.

Shokapu za kisasa zenye katriji iliyofungwa (silinda ya ndani yenye oili yake) zina dawa nyingine: kipande cha chuma chenye mkato wa U kinachoingia chini ya nati ya fimbo na kuizuia isirudi ndani. Kipimie kwenye shokapu yako, ukate bati la mm 3 au 4, na usage kingo zote zilaini.

Sili hutoka kwa kuivuta. Ukishaondoa waya wa kuizuia, vuta bomba kwa mivuto mikali na mifupi, bushi za ndani (pete ambazo mabomba hutelezea) ziisukume nje. Kuirudisha ndipo panahitaji chombo chenye kipenyo cha kromu, si cha sili: mm 43, 47, 48, 49, kutegemea pikipiki. Kwa shokapu za kawaida, ncha ya kromu iko wazi juu, kwa hiyo bomba la plastiki la maji linaloipita kwa wepesi na kutoshea tundu la sili linatosha, mradi ncha yake imekatwa sawasawa. Kwa zile za kichwa chini hali ni tofauti, kwa sababu chini kuna kishikio cha ekseli na hakuna pa kupitishia bomba. Ndiyo maana chombo chake kina nusu mbili zinazokumbatia bomba. Hicho nakishauri ununue. Nusu za plastiki zilizopasuliwa kwa msumeno huachana unapogonga, sili inaingia upande, nayo itavuja tena.

Kabla ya kuivisha sili, funika ncha ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili. Kingo za mifereji ya bushi zinakata mdomo wa sili kama wembe, wala hutaona mkato huo kwa macho.

Kwa oili, shokapu ya kawaida hupimwa kwa kimo: springi nje, bomba limezamishwa hadi mwisho na kusimama wima, baada ya kulipampu mara kadhaa na kusubiri mapovu yatoke. Bomba la sindano la ml 60 na mrija uliowekwa alama kwa rula ya chuma ndivyo vifaa vyote. Hewa iliyo juu ya oili ni springi ya pili, hivyo tofauti ya mm 10 inasikika mikononi. Katriji iliyofungwa hupimwa kwa ml, kwa hiyo tafuta kopo lenye alama za karibu karibu. Na usiamini "5W", alama ya uzito wa oili, ya kampuni moja kuwa sawa na ya nyingine. Linganisha namba ya cSt (kipimo cha uzito wa oili kutiririka) kwa nyuzi 40 za Selsiasi.

Spana ya kupimia nguvu iwe ndogo, ya Nm 5 hadi 25, si ile ya magurudumu ya gari. Kibano cha chini kikikazwa kupita kiasi huminya bomba la nje, na shokapu iliyofanyiwa kazi yote hii inakuwa nzito kuteleza. Ukirudisha gurudumu, kaza ekseli, pampu mbele mara tano au sita ili miguu miwili ya shokapu ijipange sambamba, halafu ndipo ukaze bolti za kubana ekseli.